Waya Imelegea, Bwana Stesheni Masta

Kile kisiki cha saruji mnachokikalia pale stesheni ya Londiani, nyinyi vijana wa boda boda, mkicheza drafti kwa vifuniko vya soda mkingoja wateja, mimi nilikifanyia kazi ujana wangu wote. Siwafukuzi, kaeni tu. Lakini juzi mmoja wenu aliniita babu kwa lugha yetu, akaniuliza, "Kugo, hii kitu ilikuwa ya kufungia ng'ombe?" Nilienda zangu bila kumjibu kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda. Sasa imeshuka, na chai ninayo, basi nisikilizeni.

Haikuwa ya kufungia ng'ombe. Hapo zilisimama leva, vyuma virefu vya kuvuta, vimepangwa kwa mstari. Kutoka kwa leva waya zilitembea chini kando ya reli, zikipita juu ya magurudumu madogo, mpaka kule mbali kwenye mlingoti wa signali. Juu ya mlingoti kulikuwa na mkono wa bati jekundu. Mkono ukinyooka, treni isimame. Ukivuta leva, mkono unashuka, na treni inapita. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuvuta leva. Ndugu zangu walibaki nyumbani Kapsoit na majani chai yao wakinicheka kwamba nimesomea kuvuta chuma. Mimi nami niliwaambia wao wamesomea kuchuma majani, na mbuzi hufanya hiyo kazi bila kufundishwa.

Aliyenifundisha ni mzee arap Chumo. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache, na machache hayo yenyewe yalikuwa ya kugombeza. Siku yangu ya kwanza nilitema mate mikononi kama mtu anayeenda kupasua kuni, nikaikamata leva. Alinipiga kofi la mgongoni. Akatoa kitambaa mfukoni, akakizungusha kwenye chuma, ndipo akavuta. "Jasho lako linaleta kutu," akasema. "Hiki chuma kitakuwa hapa wewe ukishakufa." Hapo mzee alikosea, kwa sababu mimi niko hapa na chuma kiliuzwa kwa kilo.

Jambo alilonifundisha kuliko yote lilikuwa waya. Nyinyi mnajua baridi ya Londiani. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, na maziwa ukiyaacha nje yanashika ngozi ya barafu. Sasa, waya ile ndefu ikipata baridi inajikaza. Ikipata jua inalegea. Ikijikaza sana, mkono wa signali unaweza kuinama wenyewe kabla hujaugusa, na dereva aone amepewa njia wakati hajapewa. Ikilegea, unavuta leva mpaka mgongo ulie na mkono haushuki. Kwa hiyo asubuhi tuliilegeza kidogo kwa skrubu yake, na saa sita tukaikaza tena. Kila siku iendayo kwa Mungu, hata Krismasi. Arap Chumo alinifanya niyaimbe maneno hayo: baridi inakaza, jua linalegeza. Yashikeni nanyi, maana mambo yote ninayotaka kuwaambia yako hapo.

Treni tuliyoipenda haikuwa ile kubwa ya usiku yenye vitanda. Ile ilikuwa ya wenyewe. Yetu ilikuwa treni ya vituo, ndogo, chafu, iliyosimama kila mahali palipo na mtu aliyeinua mkono. Asubuhi ilitoka Nakuru ikashuka kwenye miwa mpaka ziwani, jioni ikapanda kurudi kutoka huko. Wachuma chai wa Kericho waliokwenda likizo kwao ziwani walikuja kupandia kwetu na magodoro yamefungwa kamba. Akina mama wa Londiani walipakia viazi, kabichi, kuku na debe za maziwa. Ukisimama pale jukwaani ungesikia Kipsigis, Kikuyu na Kijaluo vyote vikigombania dirisha moja, na kila mtu akielewa kusogea.

Na kulikuwa na mtindo wetu mmoja ambao sidhani mmeusikia. Mama aliyekuwa na binti aliyeolewa huko chini hakuhitaji kupanda treni ili amlishe. Alitengeneza mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye sotet, kile kibuyu chetu cha maziwa, akakifunga shingo kwa uzi wake anaoujua, akampa gadi wa treni. Gadi wetu alikuwa Odhiambo, mnene, mcheshi, na behewa lake la nyuma lilijaa vibuyu kila mara. Kule chini binti alingoja kwenye kituo chake, akachukua kilichojaa, akamimina maziwa, na jioni akakirudisha kwa treni hiyo hiyo. Hakikurudi kitupu, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kilirudi na sukari nguru, au njugu, au omena, wale samaki wadogo wa ziwani, wamefungwa kwenye gazeti. Akina mama walifungua pale pale stesheni waone binti ametia nini. Kwa walichokiona walijua kama kule chini kuna shibe au kuna njaa.

Mke wa arap Chumo naye alikuwa na kibuyu chake, chenye uzi wa buluu. Hapo sasa ndipo pana uchungu.

Walikuwa na binti, Chelangat. Mtoto wao wa pekee. Kwa desturi yetu mama huitwa kwa mtoto wake, basi mama huyo tulimwita Bot Chelangat, yaani mama yake Chelangat, na hata mumewe alimwita hivyo. Sasa ilikuwa ile miaka ya tisini, ambapo majirani walianza kuulizana wametoka wapi na ni wa kabila gani. Na katikati ya hayo Chelangat akampenda dereva wa trekta wa huko kwenye miwa, Mjaluo, kijana mpole ambaye alikuwa akija kununua viazi. Baba hakutaka hata kumsikia. Asubuhi moja msichana alijifunika shuka ya mama yake akapanda treni ya vituo. Baba yake alikuwa zamu. Alizungusha kitambaa, akavuta leva, mkono ukashuka, treni ikaenda na binti yake ndani. Alikuja kujua jioni.

Nilikuwa naye siku iliyofuata. Alikuja kazini kama kawaida, akapaka mafuta magurudumu ya waya moja moja. Saa ya chakula aliniambia, "Ni mimi nilimfungulia njia." Nilimpa chai akaiacha ikapoa. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la Chelangat, na kwa kuwa hakutaka kulitaja, alibaki hana jina la kumwita mke wake. Akimtaka alisema "wewe mama." Na akatoa amri nyumbani kwamba hakuna mguu utakaokanyaga kule kwenye miwa, na hakuna mguu utakaotoka huko kuja kwake.

Lakini kibuyu hakina miguu. Bot Chelangat aliendelea kuleta mursik stesheni, uzi wa buluu shingoni, akampa Odhiambo. Alipita mbele ya mume wake akiwa amekishika kifuani, na mzee aliangalia upande mwingine, kule kwenye mlima, kana kwamba kuna kitu kinaungua huko.

Sasa huyu mama alikuwa na tabia ya kuchelewa. Nyumba yao ilikuwa juu kule, mtu anaonekana akitokea kwenye ua, akishuka kile kimteremko taratibu. Wenzake walishafika, walishapakia, treni iko tayari, na ndio kwanza yeye anatokea.

Asubuhi ya kwanza nilipoyaona mambo haya kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Stesheni masta alikuwa bwana Kamau, mtu wa Nyeri, nadhifu, mwenye koti lililopigwa pasi hata kwenye mikunjo. Alikuwa ameshampa dereva tokeni ya njia, kile kipande cha ruhusa ya kupita, kengele imelia, amenyanyua mkono. Arap Chumo akakamata leva, akaikazia macho, hakuivuta.

"Vipi?" bwana Kamau akauliza.

"Waya imelegea, bwana stesheni masta."

Mimi, mwanafunzi mwema niliyeyashika masomo yangu, nikaruka. "Lakini mzee, na baridi hii waya si inaka—"

Buti lake likashuka juu ya vidole vyangu. Vijana, lilikuwa buti la reli, na ukucha ulianguka baadaye. Bwana Kamau alimtazama mzee. Akaangalia juu kule kwenye kimteremko, akamwona mama mwenye kibuyu anashuka polepole. Halafu akapulizia mikono yake iliyokufa ganzi, akaangalia mbingu ambayo haikuwa na jua hata la dawa.

"Ndiyo," akasema. "Jua la leo ni kali. Rekebisha."

Arap Chumo akatembea mpaka kwenye skrubu, akainama, akaishika tu. Mama akafika, akatoa kibuyu, Odhiambo akakipokea. Mzee akainuka, akarudi, kitambaa, leva, mkono ukashuka bila shida. Huyo ndiye mtu aliyewahi kuninyima chai siku nzima kwa sababu nilichelewesha treni ya mizigo nikifunga kamba ya kiatu.

Kuanzia hapo waya ya Londiani ililegea mara kwa mara, hasa asubuhi za baridi kali. Dereva alijua. Odhiambo alijua, na alikuwa akitoa kichwa nje akipiga kelele, "Hilo jua litatuua!" Abiria wenye haraka walinung'unika na bwana Kamau akawaambia mambo ya usalama hayana haraka. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba tunajua. Na yeye na mke wake hawakuzungumza hata neno moja pale jukwaani.

Ila mimi niliwahi kumwuliza siku moja, tukiwa wawili tu tunajaza mafuta ya taa kwenye taa za signali. Nikasema, "Mzee, si umwite tu arudi? Sisi sote tunaona." Alimaliza kwanza kujaza taa aliyoishika. Kisha akasema, "Nitamwita. Kwani treni inaisha?"

Ilikuwa inaisha. Mabehewa yalikuwa yameoza, viti vimetolewa sponji, madirisha yamezibwa kwa mbao. Njia nayo ilichoka, treni ikawa inatambaa, na watu waliozoea kupanga siku yao kwa honi yake wakaanza kutafuta magari. Taa za signali tukaambiwa tusijaze tena, hakuna mafuta. Tokeni ikaondolewa, dereva akapewa karatasi. Kila mwezi kitu kimoja kiliondoka, na sisi tukazoea, hilo ndilo linalonikera mpaka leo, jinsi tulivyozoea. Mwisho bwana Kamau alipigilia tangazo ukutani, akalipigilia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaingia ofisini na kufunga mlango. Treni ya vituo ilikuwa inafutwa. Huko chini kwenye vituo vidogo hata ukuta wa kubandika tangazo haukuwepo.

Siku ya mwisho jukwaa lilijaa. Wengine walikuja kupanda tu waseme wamepanda. Ukungu ulikuwa mzito. Treni ikafika, watu wakapakia, na Bot Chelangat hakuonekana. Bwana Kamau hakuuliza kitu. Hata mkono hakunyanyua. Alisimama tu kando ya leva na sisi wawili, na sote watatu tukakodolea macho ule ukungu mpaka mama akatokea.

Safari hii arap Chumo hakwenda kwenye skrubu. Aliacha leva, akatembea kumpokea, akasema mbele za watu wote, "Bot Chelangat, lete hapa." Mama alisimama. Miaka ilikuwa imepita bila kuitwa hivyo na huyo mtu. Mzee akakichukua kibuyu mwenyewe, akakipeleka behewa la nyuma.

"Odhiambo," akasema, "mwambie huyo msichana apande ya jioni. Ni ya mwisho. Mwambie baba yake amesema aje nyumbani, na mume wake, na kama kuna watoto aje nao."

"Nitamwambia, mzee," Odhiambo akasema, na siku hiyo hakufanya utani.

Mzee akarudi, akazungusha kitambaa, akavuta.

Mchana wote alishinda akifagia jukwaa. Mama hakurudi nyumbani, alikaa kwenye benchi na shuka mpya mabegani. Jioni honi ikasikika kule chini, na wazee wale wawili wakasimama bega kwa bega. Treni ikasimama. Watu wakashuka, wakashuka, wakaisha. Arap Chumo akaenda behewa la nyuma. Odhiambo akamwambia kwamba asubuhi Chelangat hakuwepo kituoni, basi kibuyu na maneno alimwachia mama anayeuza njugu pale, akamsisitizia. Sasa jioni hakumwona mtu. Na kibuyu hakikurudishwa.

Mzee aliinamisha kichwa kama mtu anayesoma kitu chini. "Amekataa," akasema. "Hata chombo amekaa nacho." Kwetu sisi mtu akikaa na chombo chako makusudi, amekata uhusiano.

Odhiambo alihamishiwa Nairobi na hatukumwona tena. Arap Chumo alibaki na ile leva. Treni za mizigo zilipita moja moja, zikichelewa, lakini kila asubuhi alikwenda kulegeza waya, na saa sita akaikaza, hata siku ambazo tulijua hakuna kitu kitakachopita. Nilimshauri nikamwambia gari za Kericho zipo, mtu anazunguka kule anashuka mpaka kwenye miwa. Akasema, "Nimeita mara moja." Alikuwa na kiburi, siwafichi. Lakini kiburi kile kilikuwa kimeshavunjika, na mtu aliyevunjika hapendi kuguswa. Kifua kikamwanza, akawa hatoki kitandani, na nyuma yake leva zikaanza kung'olewa. Hakuuona mwaka wa pili baada ya treni kuisha.

Siku hizo hakukuwa na simu za mkononi. Vifo tulivisikia redioni, jioni, jina la marehemu na majina ya jamaa. Bot Chelangat alisema kwenye tangazo liwekwe jina la binti, liwe la kwanza. Na Chelangat, huko kwenye miwa, alikuwa anapika ugali akasikia redio ya jirani ikimtaja.

Alifika siku ya mazishi, na mume wake, na watoto wawili waliofanana na marehemu kwenye paji la uso. Alibeba kibuyu cha uzi wa buluu. Alipomkabidhi mama yake, mama aliondoa kifuniko cha ngozi akaangalia ndani. Kilijaa sukari nguru.

Tulipomaliza kuzika nilikaa nao. Nilimwuliza Chelangat kile ambacho sote tulitaka kuuliza, kwa nini hakuja siku ile alipoitwa. Alinitazama kama nimemsemesha lugha asiyoijua.

"Kuitwa na nani?"

Siku ile alikuwa amempeleka mtoto zahanati. Alirudi treni ya jioni imeshapita, akakuta kibuyu kwa yule mama wa njugu, ambaye alimpa akilia, kwa sababu alikuwa ameambiwa treni haiji tena na hakuwa na soko lingine. Mama huyo alikuwa na lake, maskini. Alitoa kibuyu, akasahau maneno. Chelangat alikunywa yale maziwa ya mwisho na watoto wake, akasema moyoni, kama wangenitaka wangeniambia. Akaweka chombo, kwa sababu ndicho kitu pekee cha nyumbani alichokuwa nacho.

Mama yake alisikiliza hayo yote akiwa amepakata kibuyu. Mimi, kwa kutaka kumfariji mtoto, nikamweleza habari za waya. Nikamwambia jinsi baba yake alivyokuwa akisimamisha treni nzima mama akichelewa, na nikageuka kwa mama nikamtania kidogo, nikasema, "Na wewe Bot Chelangat ulikuwa unachelewa, mama, ulitupa kazi."

"Sikuwa nachelewa," akasema.

Mama akakigeuza kibuyu mapajani, akaendelea.

"Nilikuwa nimeamka mapema kuliko wote. Nilisimama nyuma ya ua na kibuyu tayari, nikiangalia ule mkono wa signali. Nyumbani hakusema. Kitandani hakusema. Nilikuwa sina njia nyingine ya kujua kama amemtupa mtoto wangu. Basi nilingoja treni iwe tayari kuondoka, ndio nitoke, nishuke polepole. Kila mara mkono ulipokataa kushuka, nilijua bado. Nilikuwa namwuliza, na alikuwa ananijibu."

Chelangat hakulia pale. Aliniomba tu nimpeleke stesheni kabla hawajaondoka. Nilimwambia hakuna cha kuona, leva zimeng'olewa, mlingoti umekatwa na watu wa vyuma vikuukuu, waya imekwenda kufungia maboma. Akasema twende hivyo hivyo. Basi nilimpeleka mpaka kwenye kisiki hicho mnachokalia, nikamwonyesha baba yake alisimama upande gani, na ua wa nyumbani unaonekana wapi kutoka hapo. Alisimama mahali pa baba yake. Akaangalia juu kwenye kimteremko, muda mrefu, mama yake akiwa ameanza kushuka kutujia, taratibu, kibuyu mkononi.

"Alikuwa akingoja mpaka lini?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mpaka afike."

Tukasimama tukamngoja.